Nani Apokee Mpira Pozo Seco

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi yameanza leo. Joto ni kali kiasi kwamba hata mbwa wa jirani ameacha kubweka. Wavulana waliojitokeza ni tisa, na Kocha Hutto amefurahi kama mtu aliyeokota pochi barabarani, maana mwaka jana walikuwa saba. Shule yetu ya Pozo Seco haina watu wa kutosha kuunda timu ya wachezaji kumi na mmoja. Tunacheza mpira wa Kimarekani, ule wa mikono, wa watu sita kila upande; tunauita mpira wa sita, kama shule zote ndogo za huku magharibi mwa Texas.

Kaka yangu Leandro ndiye kwotabeki. Anasimama nyuma ya wenzake, anapokea mpira, na kabla adui hajamfikia anaamua uende kwa nani: aurushe mbali, au amtupie mkimbiaji aliye karibu. Huu ni mwaka wake wa tatu katika nafasi hiyo na wa mwisho shuleni. Hakuna chuo kitakachomwita kucheza, na yeye mwenyewe analijua hilo. Mwakani ataajiriwa pale anapofanya kazi Baba, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kwa hiyo amebakiwa na msimu huu tu, na anautaka wote.

Ana miaka kumi na minane, na wenzake wanamwita Mzee.

Alhamisi, 7 Agosti
Joto. Leandro amerusha, mimi nimedaka. Vidole vinauma, nashindwa kushika kitabu vizuri.

Jumanne, 12 Agosti
Kuna mgeni. Anaitwa Wade Stroud, ana miaka kumi na mitano, na amehamia hapa kutoka San Antonio na mama yake ambaye ni muuguzi. Anatafuna chingamu hata anapoongea na Kocha. Sijampenda.

Leo, mwisho wa mazoezi, aliombwa arushe mpira mmoja. Ukapita juu ya vichwa vya watu wote, ukapita goli, ukaenda kugonga uzio. Leandro ndiye aliyekwenda kuuokota.

Nyumbani alikula sahani moja tu. Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Ijumaa, 29 Agosti
Mechi ya kwanza. Tumefungwa. Leandro alirusha mipira miwili moja kwa moja mikononi mwa wapinzani. Magari yote yaliyoegeshwa kuzunguka uwanja, ambayo hupiga honi tukipata alama, yalikaa kimya kama msafara wa mazishi.

Jumatatu, 1 Septemba
Usiku wa video. Kila Jumatatu wakati wa msimu, mji wetu wote hukusanyika kwenye bwalo la shule, hula maharage na mkate wa mahindi, hutazama mechi ya Ijumaa ukutani, kisha humhoji Kocha kana kwamba ni mbunge.

Mzee Pruitt, mwenye mashamba ya pamba kule kaskazini, ndiye aliyeanza, bado ana maharage mdomoni.

"Kocha, huyu dogo mpya umemleta alinde benchi lisiibiwe?"

"Dogo ana wiki tatu hapa, Pruitt."

"Na Mzee ana miaka mitatu, na bado anawagawia majirani mipira!"

Watu wakacheka. Mama akageuka kwenye kiti. "Pruitt, mwanao alicheza miaka minne na mpira wenyewe haukuwahi kumfahamu."

Wakacheka zaidi. Leandro naye alicheka, ila mimi nilikuwa nyuma yake na niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Wade alikuwa anatazama sakafu. Hakutafuna chochote.

Jumanne, 2 Septemba
Msiba. Bi. Oxley, mwalimu wetu wa Kiingereza anayefundisha pia mjadala, ametangaza mada ya kesho: "Kocha amchezeshe kwotabeki mkongwe au kijana?" Alisema kwa kuwa mji mzima unabishana vibaya, afadhali sisi tubishane vizuri. Akarusha sarafu. Nimepangiwa upande wa kijana.

Nilibaki darasani wenzangu walipotoka. Nikamwambia, "Mwalimu, Leandro ni kaka yangu."

Akasema, "Najua, Graciela. Mjadala si kusema unachopenda. Ni kusema kilicho cha kweli upande ule uliopewa. Hebu katafute."

Jumatano, 3 Septemba
Nitaandika yote, la sivyo sitalala.

Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, na mtu mmoja nyuma akaniita kwa kifupi cha jina langu, "Ongeza sauti, Chela, hatupo kanisani." Nikaanza na mambo ya kawaida: Wade ana miaka mitatu mbele yake hapa shuleni, mkono wake una nguvu zaidi, timu inayocheza kwa ajili ya jana haiwezi kujenga ya kesho. Nikaona Bi. Oxley anatikisa kichwa kwa kuridhika. Basi nikapata joto, na joto lile likanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia.

Nikasema, "Halafu kaka yangu ana tabia moja. Kabla ya kurusha, hutazama kule anakorusha. Mimi nimemdakia uani tangu nikiwa na miaka tisa. Sihitaji kuuona mpira. Natazama macho yake tu, naenda pale, na mpira unanikuta. Kama mimi naweza, wapinzani watashindwaje?"

Mpinzani wangu akafunga daftari lake. Walipopiga kura nilishinda kwa kura zote isipokuwa moja, ya msichana anayempenda Leandro.

Nilifurahi kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kwenye kabati langu la vitabu. Hapo nikamkuta mpwa wa Kocha akimweleza mwenzake kuhusu macho ya Leandro, na huyo mwenzake akikimbia kwenda kumweleza mwingine.

Jioni Leandro alikaa mezani mbele yangu.

"Nasikia umeniua leo."

"Bi. Oxley alirusha sarafu. Sikuchagua mimi."

"Najua. Ulichosema ni kweli?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo."

"Basi hapo ndipo panapouma," akasema, akanisogezea bakuli la pilipili kwa sababu aliona naitafuta.

Ijumaa, 5 Septemba
Kocha amemwanzisha Wade. Tumeshinda kwa alama nyingi mno hata waamuzi wakamaliza mechi mapema, kama sheria inavyoruhusu. Honi zimepigwa hadi nikaumwa kichwa. Leandro alisimama pembeni na kofia yake ngumu ya mchezo mkononi mechi nzima.

Baba hakuona chochote, alikuwa kiwandani akitengeneza mashine kabla ya mavuno. Aliporudi akauliza, "Kijana wangu amefanyaje?" Mama akasema, "Amesimama vizuri."

Jumamosi, 6 Septemba
Uani hapana mtu. Nimemaliza kitabu kizima, na sikumbuki kilihusu nini.

Ijumaa, 19 Septemba
Tumeshinda tena. Mzee Pruitt sasa anamwita Wade "mwanangu."

Ijumaa, 26 Septemba
Leo tumecheza na Tres Cruces. Nimerudi nyumbani nikiwa sina sauti, ingawa sikumbuki kupiga kelele.

Tulikuwa nyuma kwa alama nne, na muda ulibaki wa shambulio moja tu. Wade akapokea mpira, akatafuta wa kumrushia, wote wamebanwa. Mbele yake pakawa wazi kabisa, kama barabara ya Jumapili asubuhi. Akakimbia. Yule mtoto anakimbia kama maji yanavyoteremka. Akafika golini, honi zikalia, Mzee Pruitt akapanda juu ya boneti ya gari lake akicheza.

Kisha filimbi, na bendera ya njano, ile ambayo mwamuzi huirusha akiona kosa, ikiwa imelala kwenye nyasi kule nyuma.

Katika mpira wa sita, anayepokea mpira wa kwanza haruhusiwi kuuvusha mstari wa kuanzia kwa miguu yake mwenyewe. Lazima kwanza ampe mwenzake. Kila mtoto wa hapa anaijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini kule mjini wanakocheza kumi na mmoja, kwotabeki hukimbia apendapo. Miguu ya Wade ilikumbuka kwao.

Alama zikafutwa, na mechi ikaisha.

"Hapa si San Antonio, dogo!" Mzee Pruitt alipiga kelele kutoka juu ya boneti. "Rudi kwenu ukakimbie huko!"

Hata "mwanangu" ilikuwa imekwisha.

Jumamosi, 27 Septemba
Asubuhi nilimkuta Leandro ameketi kwenye ngazi za nyuma. Nikasema, "Maskini Wade."

Akasema, "Nilijua atafanya vile."

"Ulijuaje?"

"Mazoezini hufanya kila siku. Kocha alimwambia mara moja, yeye akaitikia kama anayejua, kumbe hakuelewa."

"Na wewe hukumwambia?"

"Mimi si kocha."

Nilimtazama kaka yangu. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimwona kama mtu aliyeonewa, na kila nilipomtazama nilijiona mimi ndiye mwovu. Leo nimeona kwamba yeye pia alikuwa amekaa akisubiri mtoto wa miaka kumi na mitano aanguke. Sikumwambia. Nadhani aliisoma usoni kwangu, maana aliinuka akaingia ndani na kufunga mlango polepole, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kuubamiza.

Jumatatu, 29 Septemba
Bwalo lilijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mama yake Wade alikuja na sare yake ya kazi, akakaa peke yake. Video ilipofika pale, Mzee Pruitt akasema, "Simamisha hapo, Kocha. Tumtazame vizuri shujaa wetu."

Watu wakaanza. Mmoja alitaka Leandro arudishwe. Mwingine akasema Leandro atapoteza kwa macho badala ya miguu, tofauti ni nini. Wakatajana majina, wakakumbushana mechi za miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Wade alikuwa amevuta kofia hadi puani.

Leandro akasimama. Sijawahi kumsikia akiongea mbele ya watu.

"Nilimwona akifanya hivyo mazoezini," akasema. "Mara nyingi. Nikanyamaza kwa makusudi. Kwa hiyo kama mnatafuta wa kumzomea, tuko wawili, anzeni na huyu aliye karibu."

Mzee Pruitt alifungua mdomo, Mama akamnyooshea kijiko, akaufunga.

Alhamisi, 2 Oktoba
Mvua. Wakulima wamekunja uso, kwa sababu pamba imeshafunguka na ikilowa sasa itashuka daraja.

Wade hula chakula cha mchana maktabani. Mimi pia. Tumekuwa tukila humo pamoja tangu Agosti, kila mmoja nyuma ya rafu yake, bila kujuana. Leo alitokeza kichwa.

"Wewe ndiye dada yake Mzee?"

"Ndiyo."

"Yeye anajuaje kila mtu atakuwa wapi? Mimi naona vurugu tu. Natafuta mtu wa kwanza aliye wazi, namrushia kwa nguvu, naomba Mungu."

Nilidhani ananitania. Alikuwa na matone ya jasho juu ya mdomo. Hana majivuno, ana woga, na chingamu ni ya kumzuia asing'ate kucha. Vidole vyake vimeliwa hadi kwenye nyama.

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

"Atanipiga?"

"Atakupa chakula. Mama hawezi kumwacha mtu aondoke bila kula."

Jumapili, 5 Oktoba
Amekuja. Amekula chapati sita za ngano na nyama. Mama anamwita "yule mwembamba."

Baada ya hapo walitoka uani kwenye matope. Leandro alipanga ndoo na viti vya plastiki kuwa wachezaji na akaanza kumwonyesha: huyu akienda hivi, yule lazima amfuate, kwa hiyo hapa patabaki patupu hata kama sasa si patupu. Wade alirudia kila kitu kwa sauti kama mtoto anayekariri sala. Mimi nikawa mdakaji. Mpira wa Wade unauma vibaya.

"Usimuue dada yangu, bwana! Rusha kama unampa mtu yai."

"Samahani, dada."

Amenizidi urefu kwa kichwa kizima na ananiita dada.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kocha amewagawanya: Mzee nusu ya kwanza, dogo nusu ya pili. Tumefungwa. Kila mmoja alicheza kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Kwenye kituo cha mafuta, wanywaji kahawa wa alfajiri sasa wana meza mbili, na hawasalimiani. Tukifungwa mechi nyingine kabla ya ile ya mwisho, hatutaingia kwenye mtoano, na Leandro atakuwa amemaliza.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimezungumza.

Kocha alikuwa ameulizwa kwa mara ya mia nani ataanza Ijumaa. Aliishika meza kwa mikono miwili. Anaonekana amezeeka tangu Agosti. Akasema, "Kuna swali jingine?" kwa namna ya mtu anayeomba lisiwepo.

Mkono wangu ukapanda. Naapa sikuupandisha mimi.

"Sema, Chela."

"Ni kuhusu ile sheria," nikasema. "Anayepokea haruhusiwi kukimbia. Lazima atoe."

"Tunajua, binti, tulilia wote," akasema mtu.

"Basi tunabishania nini? Leandro apokee, kwa kuwa yeye anajua kila mtu yuko wapi. Amtupie Wade pembeni. Wade akishapewa anaruhusiwa kukimbia, na anaruhusiwa kurusha. Hakuna anayelazimika kukaa benchi." Nikaketi. Kisha nikasimama tena. "Asanteni."

Kocha akakuna kichwa. "Nimeliwaza hilo tangu Septemba, mwanangu. Mpango upo, nimeuchora. Tatizo si mpango. Nina vijana wawili ambao kila mmoja anataka kuwa yule anayepokea. Ukimlazimisha mtu kugawana kitu asichotaka kugawana, anakiangusha."

Kutoka nyuma, Leandro akasema, "Umetuuliza?"

Mtu mzima, mkufunzi wa miaka yote hiyo, akageuka na kutazama ukuta ambao hauna picha.

"Hapana," akasema.

"Basi uliza."

"Haya. Leandro Baeza, utamtolea mpira mwenzako mechi nzima, yeye apigiwe honi?"

"Ndiyo."

"Stroud, utakubali kuanza bila mpira, usubiri kupewa?"

Wade alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Kocha, mimi siupendi ule mpira wa kwanza. Unanitisha. Sikuthubutu kukwambia."

Bwalo zima likacheka, hata mama yake. Mzee Pruitt akasema alikuwa na wazo hilo hilo tangu zamani, akazomewa na meza zote mbili kwa pamoja.

Ijumaa, 17 Oktoba
Tumeshinda! Wapinzani walikuwa wamesikia habari za macho ya Leandro (maneno yangu yamesafiri kaunti nzima). Basi akawa anatazama kulia kwa bidii, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, na kumtupia Wade kushoto. Walikwenda kulia mechi yote.

Ijumaa, 24 Oktoba
Ushindi. Mafua.

Ijumaa, 31 Oktoba
Ushindi. Mavuno yamepamba moto, pamba zilizodondoka kwenye malori zimejaa kandokando ya barabara. Baba analala kiwandani. Leandro bega limevimba na hataki Kocha ajue. Nimembana: ama amwambie yeye, ama nimwambie mimi. Amemwambia.

Ijumaa, 7 Novemba
Upepo wa kaskazini umeshuka leo mchana. Asubuhi tulikuwa na mikono mifupi, jioni watu walikuwa ndani ya magari na vioo vimepandishwa. Mvua ya baridi ikasimamisha kiwanda, na kwa mara ya kwanza mwaka huu Baba alikuja uwanjani, nyuzi za pamba zimeng'ang'ania nyusi zake. Hakuuliza chochote. Aliegesha gari karibu na uzio akazima taa.

Ilikuwa mechi ya kuamua nani aingie kwenye mtoano. Nusu ya kwanza bega la Leandro lilistahimili. Nusu ya pili nilianza kuona anatupa mpira kwa kiwiko badala ya bega, na mingine ilianguka kabla ya kumfikia Wade. Tukaachwa nyuma kwa alama tano. Dakika zikaisha hadi ikabaki nafasi moja, hatua chache kutoka golini.

Kocha akaita wote pembeni. Tulikuwa jirani na uzio, tulisikia.

"Mzee, mkono?"

"Mkono umekwisha, Kocha." Alisema bila kusita. "Wade apokee."

"Hapana," Wade akasema. "Mimi nitasahau, nitavuka."

"Hutavuka. Utanipa mimi."

"Wewe hujui kukimbia!"

"Ndiyo maana hakuna atakayenitazama. Wote watakufuata wewe. Nipe na ujifanye bado unao."

Mama alinishika mkono. Baba alishuka kwenye gari, akasimama kwenye mvua.

Wade akapokea. Nilimwona akiitazama ile nafasi wazi mbele yake, na mguu wake mmoja ukaanza. Kisha akauzuia. Akampachika Leandro mpira tumboni na kukimbia upande wa pili akiwa amekumbatia hewa. Wote wakamfuata.

Leandro alikimbia kama mtu anayebeba kabati. Niliona mlinzi mmoja akigutuka na kugeuka. Akamfikia golini kwenyewe, wakaanguka wawili, wakateleza kwenye matope, na mwamuzi akawafuata akiwa ameinama sana, akitafuta mpira chini yao.

Akainua mikono yote miwili.

Sijui honi zililia muda gani. Ya Baba ililia ya mwisho, kwa sababu kwanza alilazimika kurudi garini.

Leandro alikuwa hajawahi kufunga kwa kukimbia maishani. Alitoka kwenye matope na mdomo umepasuka, akamtafuta Wade, akampiga kofi la kichwa. "Mguu wako uliondoka, nimeuona!"

"Nimeurudisha, Mzee! Nimeurudisha!"

Ijumaa, 14 Novemba
Alfajiri. Mechi ya mtoano iko mbali sana na basi linaondoka kabla ya jua. Mama yake Wade ana zamu ya usiku, kwa hiyo Wade amelala kwetu. Mama alinipa kazi mbili kabla ya kwenda kuwasha jiko: nifunge chakula cha safari, na niwaamshe.

Timu tunayokwenda kucheza nayo haijafungwa mwaka huu. Daktari amesema bega la Leandro litaruhusu atupe karibu tu, na Kocha amesema karibu inatosha. Huenda usiku huu ukawa ndio mwisho. Jana nilimuuliza kama anaogopa, akasema alikuwa anaogopa Agosti.

Nimesimama mlangoni mwa sebule na daftari hili. Mmoja yuko kwenye kochi na miguu inaning'inia nje. Mwingine yuko sakafuni kando yake, barafu iliyoyeyuka imelowesha shati lake, mdomo wazi. Mji mzima umebishana miezi mitatu nani aanze, na sasa nimeachiwa mimi niamue yupi aamke kwanza.

Nimewasha taa. Wameamka wote wawili pamoja, wakinilaumu.